Anza na fomu moja, kompyuta baadaye
Kaka, umeuliza Kaizen ya kiwandani, ule mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo, itafanya nini kwenye ofisi ya serikali ya kuunganisha watu na kazi. Mengi tu. Toyota walihesabu kusubiri kuwa hasara, sawa na bidhaa mbovu, na ofisi hizi kusubiri ndiko kumejaa.

Usikimbilie mfumo mpya. Chukua fomu ya mwombaji mmoja, tembea nayo kwa miguu kutoka mapokezi mpaka mwajiri anapopigiwa simu, ukiandika saa kila inaposimama. Tulifanya hivyo ofisi moja hapa Dar, sitaitaja. Fomu ilishughulikiwa dakika kama 20 tu. Siku 9 zilizobaki ililala kwenye trei, hasa ikingoja saini ya bosi aliye kikaoni. Dada mmoja wa Mbagala alirudishwa mara mbili, na nauli za daladala juu yake, kisa nakala ya cheti ambayo hakuna aliyemwambia ailete. Orodha ya mahitaji ilikuwepo, ndiyo, imebandikwa nyuma ya mlango ambao mchana kutwa uko wazi!

Tukahamisha karatasi ya orodha, saini ikashushwa kwa afisa wa dirishani. Gharama yake selotepu.

Wala Kaizen si ngeni kwetu. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza 5S mwaka 2007, zile hatua tano za kupanga mahali pa kazi: sasambua (ondoa kisichohitajika), seti (panga), safisha, sanifisha (weka utaratibu mmoja), shikilia. Ila ofisi nyingi huishia kwenye safisha: mafaili yamepangwa yanapendeza, foleni iko palepale.