Kabla ya kununua spika nyingine, sogeza ulizo nazo

Kwa miaka miwili spika zangu zilikaa juu ya kabati la vyombo, migongo imegusa ukuta, zikipiga juu ya vichwa vyetu. Nilizinunua mtumba Unguja, ndogo tu za kimo cha sentimita 30. Besi ilikuwa imevimba, maneno ya mwimbaji hayaeleweki, nami nikaamini kosa ni la spika. Nikaanza kuweka akiba ya kununua nyingine.

Kisha mwenye nyumba akaleta fundi rangi. Tukaondoa kila kitu ukutani, spika nikazitua katikati ya sebule juu ya matofali yaliyobaki uani, nikafungulia taarab ili kazi isonge. Haukuisha wimbo mmoja, fundi akashusha brashi. "Kaka, redio mpya hii?" Ilikuwa ileile. Lakini fidla ilitokea kushoto, qanuni kulia, na mwimbaji alisimama katikati pale ambapo hapakuwa na spika yoyote. Ile akiba sikuitumia kwa spika. Niliimalizia kwenye stendi, shelfu na umeme, na mpaka leo nasikiliza spika zilezile.

Sababu yake ni hii. Sauti nzito husambaa pande zote, hata nyuma ya spika. Ukuta ukiwa karibu huirudisha, nayo huungana na ile inayokwenda mbele, besi ikanenepa. Kwenye kona kuta ni mbili, kwa hiyo hunenepa zaidi na kufunika maneno. Sauti nyembamba za twita, ile spika ndogo ndani ya boksi, zenyewe huenda kama mwanga wa tochi: ukikaa nje ya mwanga, hupati kitu. Spika ya juu ya kabati inamulika siling bodi.

Chukua futi kamba. Pima umbali kati ya spika na spika, kisha kutoka kila spika mpaka unapokaa. Vipimo vitatu vilingane au vikaribiane. Kwangu ni mita 2 kila upande. Migongo ya spika iache ukuta kwa sentimita 30 mpaka 50, na nyuso zake zigeuze kidogo zikutazame. Twita iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, na kwenye makochi yetu hiyo ni kama sentimita 90 kutoka sakafuni. Kama sebule ni finyu na spika ina tundu la kutolea hewa kwa nyuma, ziba tundu hilo kwa soksi safi. Besi itapungua kidogo, lakini utaanza kusikia maneno.

Stendi za kwanza zilikuwa matofali yaleyale. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9 kwa 6 ukilisimamisha linakupa sentimita 45, ukilaza jingine juu yake umefika 60. Spika ya sentimita 30 juu ya hapo, twita inakaribia masikio. Kwa mtu anayeishi peke yake sijaona stendi ya bei nafuu kuishinda hiyo. Mimi nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu anayepanda kila kinachopandika, na tofali lililosimama linaangushika. Niliyaondoa wiki hiyohiyo, nawe kama una mtoto usiyajaribu hata kwa siku moja.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Nilimpa mchoro: nguzo ya skwea paipu ya inchi 3, bamba la chini sentimita 30 kwa 30, bamba la juu dogo kuliko kitako cha spika, na tundu la kumiminia mchanga. Usisahau tundu hilo. Paipu tupu ukiigonga inalia kama kengele, na muziki ukipiga italia hivyohivyo chini ya spika. Ijaze mchanga mkavu wa mtoni, ugonge tena: inatoa mshindo mfupi uliokufa, na stendi inakuwa nzito kiasi kwamba mtoto akiiegemea haiyumbi kirahisi. Mchanga wa pwani usiutumie, una chumvi, utakula chuma kwa ndani. Kati ya spika na bamba nimeweka vipande vinne vya kandambili kuukuu. Spika haitelezi, na mtetemo haushuki kwenye chuma.

Sasa umeme, maana hapa ndipo nilipoumia. Amplifaya yangu ya kwanza ilitoka Japani, imetunzwa vizuri, na muuzaji akanipa adapta ya plagi ya pini tatu juu yake. Nikachomeka. Taa ikawaka, moshi ukafuata. Fundi redio aliigeuza tu akanionyesha maandishi ya nyuma: AC 100V. Soketi zetu zinatoa volti 230. Adapta hubadilisha umbo la plagi, volti haizigusi. Chombo chochote cha mtumba, geuza usome mgongo kabla hata ya kuuliza bei. Kikiwa cha 100V kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye chombo, na iandikwe 100 upande wa kutoa. Ile ya 110 ni ya vyombo vya Marekani. Siku umeme wetu ukipanda, itazidisha. Na umeme wa TANESCO ukikatika, chomoa. Unaporudi ndipo unapoua vyombo. Kigadi cha volti kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita ni bei ndogo mno ukilinganisha na amplifaya iliyoungua.

Shelfu nilitengenezewa na seremala wa Keko. Alitaka kunifungia mgongo na kuweka milango ya vioo, kwa sababu ndivyo wateja wanavyopenda, na kweli kabati la namna hiyo hupendeza. Nilikataa. Amplifaya ni jiko dogo, na Dar es Salaam kuna joto tayari. Ukiifungia kwenye kabati itakaanga vipuri vyake polepole. Vyombo vingi vya muziki vina upana wa sentimita 43, hivyo nafasi ya 50 inatosha, kina cha 40, plaiwudi ya milimita 18, mgongo wazi. Amplifaya ikae ghorofa ya juu kabisa, na ikiwa kuna ubao juu yake acha sentimita 10 au zaidi za hewa. Transfoma weka chini, mbali na deki, la sivyo utasikia mvumo usioisha. Waya za umeme zishuke upande mmoja, zile za muziki, za nyekundu na nyeupe, upande mwingine. Zikilazimika kupishana, zipishane kama msalaba, zisilale sambamba.

Mgongo wazi una adui mmoja: mijusi. Hupenda joto la amplifaya, huingia kwenye matundu, na mmoja akigusa nyaya mbili ndani anaungua yeye na amplifaya. Nimepiga stepla wavu wa dirishani nyuma ya shelfu. Hewa inapita, mjusi hapiti.

Kama bado hujanunua spika, beba tochi na betri moja ya volti 1.5. Mulika ukingo unaozunguka karatasi ya wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito. Ukiwa wa sponji, uguse taratibu kwa kidole. Kwa unyevu wa pwani sponji kuukuu hubomoka kama mkate uliokauka. Ukingo wa mpira huishi zaidi. Kisha gusisha betri kwenye nyaya kwa nukta moja, chanya kwenye nyekundu. Karatasi inaruka mbele. Ikirudi nyuma, ndani nyaya zimegeuzwa, na spika mbili zinazovutana kinyume humaliza sehemu kubwa ya besi. Wati za kwenye boksi zisikubabaishe. Wameandika maelfu; wewe soma nyuma chombo kinakula wati ngapi, maana hakiwezi kutoa zaidi ya kinachokula. Na kutoka wati 50 kwenda 100 ni desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), masikio hayaoni tofauti kubwa. Waya wa spika wa milimita za mraba 1.5 unatosha sebule ya kawaida.

Vigae vya sakafu vilinisumbua kidogo kwa mwangwi. Ukipiga kofi sebuleni ukasikia mlio unaruka kati ya kuta, tandika zulia mbele ya spika na uteremshe pazia nzito. Hilo ni la nusu saa.

Sabufa, lile boksi la besi peke yake, ndiyo niliyoisogeza mwisho. Ilikuwa imeegemea ukuta tunaochangia na jirani. Nikaileta upande wa dirisha na kuipunguza, kwa sababu spika zikiwa mahali pake haihitaji kusukumwa. Siku ya tatu jirani akabisha hodi kuuliza kama redio yangu imeharibika, mbona hasikii kitu. Nikamkaribisha, nikamkalisha kwenye kochi la katikati. Alisikiliza nyimbo mbili, kisha akaniambia za kwake ziko juu ya friji. Jumamosi ile nilikwenda kwake na futi kamba na matofali manne.