Maswali Yenu: Kambi ya Porini

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wasomaji waliojiunga, au wanaotaka kujiunga, na kambi za mafunzo ya kuishi porini.

Ndugu Mhariri, tunafundishwa kupekecha moto kwa mikono, yaani kuzungusha kijiti kwa viganja ndani ya tundu la ubao. Viganja vimeota malengelenge, moshi unatoka mwingi, lakini kaa la moto halipatikani. Nakosea wapi? (Msomaji, Iringa)

Moshi hutangulia kaa kwa mbali, kwa hiyo usiuangalie moshi, angalia unga unaosagika kwenye tundu. Unga wa kahawia hafifu wenye chembe kubwa maana yake kasi au mgandamizo haujatosha. Ukiwa mweusi, laini na unashikamana, umekaribia. Kama unga hautoki kabisa, tundu linang'aa na kijiti kinapiga kelele, miti inalainishana badala ya kusagana. Kwaruza tundu kwa ncha ya kisu au dondoshea chembe chache za mchanga mkavu, kisha endelea.

Ila mara nyingi kosa hufanyika kabla hujaanza kupekecha. Kata kijiti kutoka kwenye mti uliokufa ukiwa bado umesimama. Kilichookotwa chini huwa kimenyonya unyevu wa udongo, hata kama ganda lake limekauka. Kivunje upande mmoja: kikikatika kwa mlio mkali kinafaa, kikipinda na kuacha nyuzi kitupe. Kiwe kinyoofu, urefu wa sentimita 60 hadi 80, unene wa kidole kidogo. Ubao wa chini uwe wa mti mwepesi usio na utomvu, ambao ukiubonyeza kwa ukucha unaacha alama. Unene wa sentimita 1 hadi 1.5 unatosha.

Pekecha kwanza mpaka tundu liungue kidogo, ndipo ukate mkato wa pembe tatu kutoka ukingo wa ubao, kama kipande chembamba cha keki, ncha yake ikikaribia katikati ya tundu bila kuifikia. Ukiwa mwembamba mno, unga hukosa hewa. Ukiwa mpana mno, unga hutawanyika na joto hupotea. Chini ya mkato weka gome au jani kavu, maana ardhi yenye unyevu huua kaa.

Kuhusu viganja: anza taratibu ili miti ipate joto, na nguvu zako uzitunze kwa mwisho. Mikono ikishuka hadi chini irudishe juu upesi, kijiti kisipoe. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupokezana: mmoja akifika chini, mwenzake ameshashika juu. Fanyeni hivyo. Unga ukiendelea kufuka hata baada ya kuacha kupekecha, kaa limepatikana. Hapo wengi huliharibu kwa haraka. Lipepee kwa mkono nusu dakika hivi lishikamane, ndipo uliweke ndani ya nyasi kavu zilizofikichwa au kinyesi cha tembo kikavu kilichopukuchuliwa, upulize kwa pumzi ndefu na ya taratibu.

Je, ni kweli mto uliokauka bado una maji? Tuchimbe wapi? (Msomaji, Dodoma)

Mara nyingi, ndiyo. Chimbeni upande wa nje wa kona, chini ya ukingo uliolika, kwa kuwa hapo mkondo huchimba kina zaidi. Mahali pengine pazuri ni upande wa juu wa mwamba unaokatiza mto, kwa sababu mwamba huzuia maji yanayopita chini ya mchanga. Mkikuta tembo wamechimba, eneo mmeshaonyeshwa, lakini ondokeni kabla hawajarudi. Mchanga ukiwa bado mkavu kwenye kina cha mita moja, hamieni kwingine. Jasho litazidi maji mtakayopata.

Shimo liwe pana ili kuta zisiporomoke. Maji ya kwanza yachoteni na kuyamwaga, subirini yatulie, kisha chujeni kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Kuchuja hakuui vijidudu: maji lazima yachemke kwa dakika 1 nzima tangu yaanze kutokota, na dakika 3 mkiwa juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Vidonge vya klorini vinasaidia, ila nguvu yake hupungua kwenye maji yenye tope.

Ninaweza kupata kaskazini kwa kutumia mishale ya saa? (Msomaji, Tabora)

Usiitegemee njia hiyo huku kwetu. Karibu na ikweta jua la mchana huwa kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine, na saa haijui. Simamisha kijiti cha mita 1, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri nusu saa, weka jiwe la pili. Jiwe la kwanza ni upande wa magharibi, la pili mashariki. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuzuia usizunguke.

Sanduku la huduma ya kwanza la kambi yetu lina wembe na jiwe jeusi la kuumwa na nyoka. Vinafaa? (Msomaji, Morogoro)

Viondoeni leo. Kuchanja huongeza kutokwa na damu na maambukizi, kunyonya hakutoi sumu, na jiwe halijathibitika kuivuta. Kamba ya kubana ni hatari zaidi: mguu uliong'atwa na kifutu huvimba sana, na ukikazwa waweza kuoza.

Mgonjwa alale, asitembee. Vueni pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujapanda, fungeni banzi kiungo kisichezecheze, mbebeni hadi hospitali. Sumu ya koboko hulegeza misuli ya kupumua, hivyo angalieni pumzi yake njia nzima, na ikikatika mpulizieni mdomoni bila kuacha. Swila akitema machoni, osheni kwa maji mengi safi dakika 15 au zaidi. Msimfukuze nyoka ili mmpeleke kwa daktari. Picha ya mbali inatosha.

Na kabla ya kulipa ada, muulize mwenye kambi mambo mawili: hospitali gani ya karibu ina dawa ya sumu ya nyoka, na gari litakalokupeleka huko usiku ni lipi.