Paka dume anachuchumaa kwenye mchanga na hakitoki kitu

Kama paka wako dume anachuchumaa kwenye mchanga wake wa choo bila kutoa kitu na unajiuliza umpe mafuta ya kulainisha choo, hapana, usimpe. Dume akiingia kwenye mchanga kila mara, anachuchumaa, analia na hakuna kitu, mara nyingi ni mkojo umeziba wala sio choo kigumu, ule mkao unafanana ndo maana watu wanachanganya. Njia yake ya mkojo ni nyembamba sana huku mwishoni, vichembe vya madini vikichanganyika na ute vinaziba kabisa, mkojo unajaa figo zinashindwa kutoa taka, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Anaweza kufa ndani ya siku 1 au 2, kwahiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo hata kama ni usiku.

Nasaidia kwenye kliniki ya wanyama na hawa wengi wanaletwa wakiwa wameshaanza kutapika na kulegea, yani too late karibu. Na usimminye tumbo, kibofu kikijaa hivyo kinaweza kupasuka. Panadol ndo usiguse kabisa, parasetamo ni sumu kwa paka, ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu.

Kama vitone vinatoka vina damu inaweza kuwa kibofu kimevimba tu, mara nyingi sababu ya stresi, ila bado aonwe maana anaweza kuziba baadaye. Jike kuziba ni nadra.