Barua kwa mwanangu: kumfuata sokwe nako ni kazi?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na bibi yako. Unauliza kama msichana mwenye digrii akubali mkataba wa kwenda milima ya Mahale, kule Kigoma, kushinda na sokwe akiandika wanakula nini, na kama kweli hayo yana uhusiano wowote na asili ya binadamu. Bibi amenitangulia kujibu: mjukuu wake haendi kutafuta ukoo kwa nyani.

Mtulize bibi. Hakuna anayesema babu yetu alikuwa nyani. Wanasema sisi na sokwe tulikuwa na wazee wamoja, tukaachana miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita. Wazee hao hawapo tena. Nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, alizozifukua mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey na wenzake mwaka 1978, zinaonyesha kwamba miaka milioni 3.6 iliyopita viumbe wa ukoo wetu walikuwa wakitembea kwa miguu miwili. Lakini unyayo haukwambii mama alimwachisha mwanawe ziwa lini, wala nani alipatana na nani. Hayo huulizwa jamaa walio hai, tena kwa kukaa nao sana, maana sokwe jike huzaa mara moja kwa miaka mitano hivi. Ukitaka kumjua bibi, binti na mjukuu, nywele zako zitaingia mvi.

Kule Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Julai 1960, na mwaka huohuo akamwona sokwe akichuma kijiti, akakipukusa majani, akakitumbukiza kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Watu walikuwa wakiamini kutengeneza zana ni kwa binadamu peke yake. Mahale, kusini zaidi kwenye Ziwa Tanganyika hilohilo, Mjapani Toshisada Nishida alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1965. Huko sokwe wawili wakichambuana manyoya hushikana mkono mmoja juu ya vichwa, na kwa ule mwingine kila mmoja humchambua mwenzake kwapani. Gombe hawana mtindo huo. Mimi hilo limenishika kuliko hata habari ya mchwa: wanyama ni walewale, desturi mbalimbali.

Usidhani pia ni kazi ya Wazungu na Wajapani. Mwaka 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliteka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Wageni wakaondolewa, kazi ikabaki mikononi mwa Watanzania, na ndio waliokuwa wakiamka alfajiri kuwahi viotani sokwe kabla hawajashuka.

Nami nina langu la kusema. Ulipokuwa shule ya msingi nilikuwa nikiwapeleka watafiti msitu wa Rondo, hapa Lindi, kutafuta komba, jamaa yetu wa mbali anayetembea usiku. Si yule mkubwa anayelewa tembo minazini. Huyu wa Rondo ana gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Unawasha tochi nyekundu, unaona macho mawili yanaruka kutoka shina hadi shina, basi. Kwa macho tu humjui ni komba gani, kwa sababu aina zao zinafanana mno. Anayewatofautisha ni mlio. Mtafiti ananyoosha kinasa sauti, mbu wanakula, na hakuna ruhusa ya kukohoa. Mara moja alishikwa mmoja nikaonyeshwa mguu wake: kucha bapa kama zako na zangu, isipokuwa kidole kimoja chenye ukucha mrefu wa kujichania. Na njia yetu na yake iliachana zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita! Usiku ule sikuhitaji mtu wa kunieleza kwa nini wanasumbuka.

Kwa hiyo nenda. Ila ulizia bima, likizo, na nauli ya kurudi nyumbani, maana Mahale si karibu na Lindi. Ulizia pia kama jina lako litaandikwa matokeo yakichapishwa. Wapo wengi waliojaza daftari za watu na majina yao hayakuonekana popote. Na siku ukiwa na mafua, baki kambini hata kama msimamizi atanuna. Magonjwa yetu ya kifua yanawaua sokwe.

Nitumie mkataba niupitie kabla hujasaini. Wiki hii nipo shambani napulizia salfa, kwa hiyo piga jioni.

Baba yako