Maswali na Majibu: Nuru ya Vitovu vya Galaksi

Tangu tulipogusia mashimo meusi yaliyo katika vitovu vya galaksi, maswali yamemiminika. Haya ndiyo yaliyopata nafasi.

Shimo jeusi humeza hata nuru. Mwangaza wa kitovu cha galaksi watoka wapi basi? (Msomaji, Chake Chake)

Nje ya shimo. Gesi inayovutwa haitumbukii mara moja; huzunguka kwanza, ikisuguana hadi kupata joto la kupindukia, nayo ndiyo ing'aayo. Kitovu kimoja chaweza kuishinda kwa mwangaza galaksi yake nzima.

Maalim, umbali wa vitovu hivyo mmeujuaje? Nani alikwenda na kamba? (Mwanafunzi, Mji Mkongwe)

Hakwenda mtu, mwanangu. Nuru huchambuliwa rangi zake, na kila elementi ina mistari yake mahali pake. Mwaka 1963 mwanaastronomia Maarten Schmidt, huko California, alichunguza 3C 273, kwazari (yaani kitovu king'aavu mno cha galaksi ya mbali) inayofanana na nyota ya kawaida, akakuta mistari isiyoeleweka. Kumbe ni hidrojeni ileile, ila mistari imesogea upande wa wekundu kwa takriban asilimia 16! Ule wa nanomita 656 hukutwa karibu na 760. Ulimwengu unatanuka, na nuru iliyomo safarini hutanuliwa pamoja nao. Kwa hesabu hiyo, kwazari hii iko zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2 kutoka kwetu (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja).

Nikiwa baharini usiku nitaiona? (Mvuvi, Nungwi)

Kwa macho matupu, hapana. Darubini yenye kioo cha sentimita 20 itakuonesha kidoa tu. Ngoja Juni, masika yakishapita: jioni kundi la nyota la Mashuke huwa juu, nayo hupita karibu na utosi wetu. Ila usiitumie chomboni, kinayumba. Kaa pwani, mbali na taa za mahoteli, ambazo kwangu mimi zimezidi.

Kama ni kidoa tu, uzito wa shimo hupimwaje? (Msomaji, Wete)

Swali tamu kuliko yote. Mwangaza wa kitovu hupanda na kushuka. Mawingu ya gesi yanayolizunguka shimo huitikia baadaye, pengine baada ya siku, pengine miezi, kwa kuwa nuru lazima iyafikie kwanza. Muda huo wa kuchelewa, kwa kasi ya nuru ya kilomita 300,000 kwa sekunde, hutoa umbali wa mawingu. Upana wa mistari yao hutoa mwendo wao, maelfu ya kilomita kwa sekunde. Umbali na mwendo vikishajulikana, uzito hupatikana.

Shimo jeusi la galaksi yetu litatumeza? (Bibi wa Makunduchi)

La, bibi. Lina uzito wa majua milioni 4 hivi, lakini liko mbali, miaka ya nuru kama 26,000, na siku hizi halipati gesi nyingi ya kula. Picha yake ya kwanza ilitolewa Mei 2022. Waombe wajukuu wakuoneshe.