Kwa mnaoanza insia za kidijitali hapa Mwanza

Wadogo zangu mnaoanza uzamili, wengi mnauliza kama ni lazima mtu ajue kuandika programu ndipo aingie kwenye insia za kidijitali. Si lazima. Kazi ni ileile ya historia, lugha, fasihi na muziki, ila kompyuta inamwezesha mtafiti kupitia maandishi, sauti na ramani nyingi kwa pamoja. Padri Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alipata msaada wa kampuni ya IBM mwaka 1949 ili aorodheshe maneno yote ya maandishi ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, yanayokaribia milioni 11. Swali la utafiti alikuwa nalo tayari. Mashine aliitafuta baadaye. Huo ndio utaratibu ninaouamini.

Mimi navutwa na nyimbo za ngoma za Wasukuma, hasa za Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana tangu karne ya 19 na ambayo bado hukutana Bujora, kwenye kituo cha utamaduni wa Wasukuma, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi wa sita. Ningi, yaani kiongozi wa wimbo, humjibu mpinzani wake hadharani, na ubeti uliopendwa haukai kijiji kimoja. Nataka kujua nani alichukua ubeti wa nani, na alibadilisha nini. Wimbo mmoja haujibu swali hilo. Zinatakiwa nyimbo mamia, zimeandikwa, zina tarehe na mahali, na zinatafutika. Hapo kompyuta ina kazi ya maana.

Wengine mtapata maswali tofauti kabisa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lifunguliwe mwaka 2025, maisha yaliyoizunguka foleni ya kivuko yamebadilika, na waliouza samaki, karanga na maji pale wanaikumbuka vizuri. Rekodi za sauti zao zikiunganishwa na ramani kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, zinatosha tasnifu nzuri. Ningefurahi mmoja wenu akiichukua.

Sasa lugha, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Vifaa vingi vya kuhesabu maneno vilitengenezwa kwa kufikiria Kiingereza. Kwa mashine, aliimba, tuliimbiwa na waimbaji ni maneno matatu yasiyojuana. Ukitumia AntConc, programu ya kutafuta na kuhesabu maneno, na kutafuta kila neno lenye herufi imb ndani yake, utayapata yote, lakini simba naye atakuja. Kwa hiyo matokeo husomwa kwa macho, mstari kwa mstari, kabla hujachora grafu yoyote.

Kisha kuna ritifaa, yaani alama ya ' kama ile ya ng'ombe. Ng'ombe ameenea katika nyimbo za Wasukuma, na baadhi ya programu humkata vipande viwili, ng na ombe. Zaidi ya hapo, ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni alama mbili tofauti kwa kompyuta, hata kama kwenye skrini zinafanana. Chagueni moja, mbadilishe faili zote, ndipo mhesabu. Na kwa kuwa Kisukuma kina irabu saba, baadhi huandikwa kwa alama juu, kama ũ. Hifadhini kila kitu kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, la sivyo herufi hizo hugeuka takataka mkihamia kompyuta nyingine.

Jina la faili lisiwe "rekodi mpya". Siku hiyohiyo ya kurekodi, jazeni kwenye jedwali: nani aliimba, wapi, tarehe gani, nani alikuwepo, na ruhusa ni ya nini. Kumbukumbu ya binadamu haisubiri wiki. Wekeni nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba mnamolala. Audacity ya kuhariri sauti na ELAN ya kuandika maneno ya rekodi zikishapakuliwa hazihitaji bando, na Voyant ya kuchambua maandishi nayo ina toleo la kuendesha kwenye kompyuta yako. Pakueni mkiwa chuoni.

Kuhusu ruhusa nitasema wazi: si kila wimbo ni wa mtandaoni. Bayeye, wacheza na nyoka, wana maarifa ya dawa ambayo hufundishwa kwa walioingizwa tu. Mzee akisema kipande hiki kisitoke, kisitoke, hata kama ndicho kinachobeba sura yako ya nne. Muulizeni mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya kumsikilizisha, kwa sababu mtu hajui anaruhusu nini mpaka ajisikie. Ruhusa ya kusikilizwa na wanafunzi darasani si ruhusa ya kuwekwa wazi kwa dunia nzima. Ziandikeni kama safu mbili tofauti kwenye jedwali.

Na nyimbo zirudi kwao. Kiungo cha intaneti hakimsaidii bibi wa Magu mwenye simu ya tochi. Redio nyingi vijijini zina tundu la flashi, basi mpelekeeni flashi, nyimbo zikiwa zimepangwa kwa majina ya waimbaji, na mkae naye mpaka ahakikishe inacheza.