Nasafiri na Paka Wangu: Hukumu ya Manyoya, Mkojo, Swala na Kizimba

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Kazi yangu ni ya safari za mara kwa mara, na naishi peke yangu na paka jike ambaye ndiye mwenzangu wa nyumbani. Nikisafiri namchukua katika kizimba chake, na tukifika hulala miguuni pangu. Nimeambiwa kwamba manyoya yake yanabatilisha swala, kwamba Malaika hawafuatani na msafiri mwenye mnyama kama huyu, na kwamba kumfungia kizimbani ndiko kulikomtia Motoni yule mwanamke wa kwenye Hadithi. Njiani mara nyingine hutapika au hukojoa, na nguo zangu hupata. Nikiswali hupanda juu ya msala. Je, niendelee kusafiri naye? Na fedha ninazomtumia, si israfu?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu yetu, inajuzu kusafiri naye. Katika uliyoambiwa, wengi hushikilia suala la manyoya, lakini lililo zito ni la kizimba. Kwa hiyo tuanze na kizimba.

Hadithi ya mwanamke huyo ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa: hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhini. Yasome maneno hayo vizuri. Kilichomwangamiza ni kumfungia pamoja na kumnyima. Paka aliye huru akikosa chakula kwako atapata panya au mjusi, ama atakwenda kwa jirani. Ukishamfungia mlango, umeikata njia yake ya riziki, na riziki hiyo imehamia shingoni mwako. Ndiyo maana fuqahaa (wanazuoni wa sheria) wamesema mwenye mnyama ni wajibu amlishe na kumnywesha, na akishindwa amtoe kwa anayeweza au amwachie mahali atakapopata chakula. Basi kila dakika paka wako anayokaa kizimbani ni dakika ya amana.

Amana hiyo njiani ina mambo yake. Kizimba kiwe na nafasi ya paka kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha, kiwe na matundu ya hewa, na kifungwe kwa mkanda wa kiti ili kisirushwe gari linapofunga breki. Mlo wake wa mwisho uwe saa 3 hadi 4 kabla ya kuondoka, kwa sababu tumbo lililojaa ndilo linalomtapisha. Maji usimnyime: paka huhitaji takriban mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani paka wa kilo 4 ahitaji kama mililita 200, pamoja na maji yaliyomo katika chakula chake. Kila baada ya saa 2 au 3 simama, umpe maji, uangalie kitambaa cha chini kama kimelowa. Usifungue kizimba milango ya gari ikiwa wazi. Paka aliyeshtuka hatambui sauti yako, na wengi hupotea namna hiyo. Mvalishe mkanda wa kifuani wenye kamba kabla ya kumtoa.

Ukisimama kuswali, mwanzie yeye. Anas (r.a.) amesimulia kwamba wao walipotua mahali hawakuswali swala ya sunna mpaka wawatue wanyama mizigo (Abu Dawud). Na kumwacha ndani ya gari lililofungwa juani huku wewe uko msikitini ni dhulma ya wazi: joto ndani ya gari huweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 tu, na paka hatoi jasho ila kidogo sana kupitia nyayo. Ukimwona anahema mdomo wazi, hiyo ni hatari. Mpeleke kivulini, mloweshe nyayo na masikio kwa maji ya kawaida, kisha umwone daktari wa wanyama. Kumwingiza msikitini ni makruhu kwa kuchelea uchafu, na ikiwa unajua atachafua, ni haramu. Mkae kwa zamu na mwenzako, au uswali kando mahali safi naye akiwa karibu yako.

Dawa za usingizi usimpe kwa kukisia. Dawa za maumivu za binadamu ndizo mbaya zaidi: paracetamol humuua paka hata kwa kiasi kidogo, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja. Na akifika ugenini akagoma kula kwa zaidi ya saa 24, usiseme ni uchovu. Paka asiyekula, hasa mnene, huanza kujaa mafuta kwenye ini na huweza kufa.

Sasa tohara, yaani usafi wa kisheria. Kabsha bint Kaab alimmiminia maji ya udhu baba mkwe wake Abu Qatada (r.a.), akaja paka, Abu Qatada akamwinamishia chombo anywe. Kabsha aliposhangaa, alimwambia kwamba Mtume (s.a.w.) amesema: “Yeye si najisi, yeye ni katika wanaokuzungukieni, wa kiume na wa kike.” Wameipokea Malik, Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah. Kwa hiyo mwili wa paka, mate yake, jasho lake na maji aliyobakisha ni tohara. Wanazuoni wa Kihanafi wamesema kutawadha kwa masazo yake ni makruhu, lakini jamhuri, yaani wengi wa wanazuoni, wanaona hakuna karaha, na Hadithi inawaunga mkono. Ikiwa umemwona anakula panya, mdomo una damu, na papo hapo akanywa katika maji machache, maji hayo ni najisi. Akitoweka kwa muda ambao yamkini amekunywa kwenye maji mengi kisha akarudi kunywa kwako, maji hayahukumiwi kuwa najisi, kwa sababu yakini haiondolewi na shaka.

Udenda unaomtoka kwa kichefuchefu ni mate, basi ni tohara. Matapishi yaliyotoka tumboni, mkojo na kinyesi ni najisi. Hapa ndipo msafiri anapokosea mara nyingi: humwona paka ana povu mdomoni akabadili nguo zote, kisha akapuuza tone la mkojo kwenye mkono wa kanzu.

Kuosha kwake si mara saba. Hiyo ni ya mbwa na nguruwe. Ondoa kwanza kitu chenyewe kwa karatasi au kitambaa kikavu, ukikandamiza bila kusugua, maana kusugua husambaza. Kisha mimina maji juu ya mahali pale mpaka yazidi najisi na kuondoa rangi, harufu na ladha. Kwa madhehebu ya Shafi, maji yakiwa machache, yaani chini ya kulla mbili, ambazo hukadiriwa kuwa lita 200 na kidogo, ni lazima maji yaijie nguo. Ukiitumbukiza nguo yenye mkojo ndani ya beseni, beseni lote limenajisika na nguo haijatoharika. Weka nguo mahali pa kuchuruzika, umimine juu yake. Kiti cha gari kisichokamulika hutosha kukikausha mkojo kwa kitambaa kisha kukimwagia maji yaliyozidi, kama Mtume (s.a.w.) alivyoamuru ndoo ya maji imwagwe kwenye mkojo wa bedui msikitini. Ukishasugua kwa sabuni ikabaki harufu peke yake, au rangi peke yake, na kuiondoa ni taabu, imesamehewa. Zikibaki zote mbili mahali pamoja, rudia.

Mkojo wa paka, hasa wa dume, una harufu kali, na watu hukimbilia klorini. Usiimwage juu ya mkojo: ikikutana na amonia iliyomo hutoa hewa yenye sumu, kwako na kwake. Na sabuni zenye amonia humfanya arudi kukojoa palepale, kwa kuwa kwake inanuka kama mkojo.

Ama manyoya. Kwa Hanafi na Maliki ni tohara hata yakinyofoka. Kwa madhehebu ya Shafi, manyoya yaliyotengana na mnyama hai asiyeliwa ni najisi, lakini machache yamesamehewa, katika nguo na katika maji. Wanazuoni wa madhehebu wamemsamehe mwenye kupanda mnyama hata manyoya mengi ya mnyama wake, kwa vile hawezi kujikinga nayo, na anayelala na paka miguuni hayuko mbali na hali hiyo. Aliyekuambia swala yako imebatilika kwa unywele mmoja amekutia wasiwasi usio na msingi. Pitisha kiganja chenye unyevu juu ya nguo kabla ya swala, yatakusanyika. Yaliyobaki usiyatafute kwa tochi. Msala uukunje ukimaliza, kwa maana paka hupenda kulalia kitu laini chenye harufu ya mwenyewe. Weka pia nguo moja ya swala katika mfuko uliofungwa, mbali na kizimba. Hilo litakuondolea nusu ya maswali yako.

Akipita mbele yako au akilala mahali pa kusujudia, swala ni sahihi. Msogeze kwa mkono mara moja, taratibu. Jihadhari na harakati tatu za mfululizo, maana kwa Shafi hizo hubatilisha. Akikupanda mgongoni hali mwili wake hauna uchafu unaoonekana, endelea: huyo huyo Abu Qatada amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama bint Zaynab. Lakini kizimba au begi lenye kitambaa cha mkojo usilivae begani ukiswali, hata likiwa limefungwa, kwani utakuwa umebeba najisi ndani ya swala. Litue chini kando yako.

Na ukigundua tone la mkojo baada ya kutoa salamu? Kauli mpya ya Imam Shafi ni kurudia swala uliyoyakinisha kwamba uliiswali nalo. Kauli yake ya kale ni kutorudia kwa asiyejua, nayo ndiyo aliyoichagua Imam Nawawi katika kitabu chake Majmu kwa nguvu ya dalili, kwani Mtume (s.a.w.) alipoarifiwa na Jibril kuhusu uchafu kwenye viatu vyake alivivua katikati ya swala na hakuianza upya. Ukishuku kama tone lilipata nguo kabla au baada ya swala, hurudii kwa kauli zote mbili.

Kuhusu Malaika, umenukuliwa nusu ya Hadithi. Aliyoipokea Muslim kwa Abu Hurayra (r.a.) inasema Malaika hawafuatani na msafara wenye mbwa au kengele. Paka hakutajwa. Lakini angalia shingoni mwake: kola nyingi za paka huuzwa zikiwa na njuga. Ikate. Mbali na Hadithi hiyo, masikio yake ni makali kuliko yako, na kengele inayolia kila akitikisika kizimbani humchosha. Hirizi nayo haifai, Mtume (s.a.w.) akiwa safarini alimtuma mtu atangaze isibaki kamba ya upinde shingoni mwa ngamia yeyote, na walikuwa wakizivalisha kukinga kijicho. Kibati chenye namba yako ya simu hakina tatizo, na chipu ya chini ya ngozi ni bora zaidi kwa kuwa haipotei. Kwa safari ya kuvuka mpaka, chipu huwekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na nchi nyingi hutaka zipite siku 21 baada ya chanjo ya kwanza. Ukichanja kwanza, chanjo hiyo yaweza isikubaliwe, na paka akazuiwa mpakani. Uliza masharti ya unakokwenda mapema.

Ukifikia kwa mtu, mwombe idhini kabla ya kufika. Wapo wanaopata pumu kwa manyoya, na mgeni hana haki ya kumdhuru mwenyeji. Mpe paka chumba kimoja siku za mwanzo, na kama mmehamia, asitoke nje kabla ya wiki 2 au 3, la sivyo atatafuta nyumba ya zamani na kupotea.

Utasikia pia kisa cha Mtume kukata joho lake asimwamshe paka aitwaye Muezza, na maneno “kupenda paka ni katika imani.” La kwanza halina isnadi (mlolongo wa wapokezi) katika vitabu vya Hadithi, na la pili wanazuoni wa Hadithi wamelihesabu kuwa la kutungwa. Usiyanukuu. Hadithi ya Abu Qatada inakutosha.

Fedha za chakula chake, chanjo na nauli yake si israfu, kwa kuwa nyingi kati yake ni matumizi (nafaqa) yaliyokuwajibikia, na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kama tuna ujira kwa wanyama alisema katika kila chenye ini bichi, yaani kilicho hai, kuna ujira. Israfu huingia pale unapomnunulia mapambo ilhali mzazi wako au watoto wako wamekosa mahitaji; Muslim amepokea kwamba yamtosha mtu dhambi kuwazuilia riziki walio chini yake. Nawe kama safari ni ya siku moja au mbili na yupo jirani mwaminifu wa kumlisha nyumbani kwake alikozoea, kumwacha ni nafuu kwake kuliko kizimba, hata kama wewe ndiye utakayeukosa usingizi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.